Maneno Ishirini kwa Shilingi

Serikali iliingia ofisini kwa Kezia Readshaw siku ya Jumamosi, tarehe tano Februari, mwaka 1870, ikiwa na ndoo ya rangi, ngazi, na Bwana Pinnock.

Rangi ilikuwa ya kufuta jina la kampuni juu ya mlango. Ngazi ilikuwa ya fundi wa rangi. Bwana Pinnock alikuwa wa kubaki. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye kikohozi na adabu nyingi, amekulia Posta tangu utotoni, na kabla hata ya kuvua koti alitundika ukutani karatasi ya sheria ndani ya fremu, palepale ambapo Kezia akiinua macho kutoka kwenye mashine lazima aione. Bunge la Uingereza lilikuwa limezinunua nyaya zote za telegrafu nchini kwa ajili ya Posta, kubwa kwa ndogo, na makarani wakanunuliwa pamoja nazo kama kuku anayeuzwa na tenga lake. Asubuhi hiyohiyo Kezia alipelekwa mbele ya hakimu, akashika Biblia, akaapa kwamba hatamwambia mtu yeyote, kwa mdomo wala kwa ishara, neno lolote lililopita kwenye waya.

"Na nikisema?" aliuliza. Alikuwa na desturi ya kuuliza.

"Miezi kumi na miwili," alijibu hakimu, akamwita anayefuata.

Kezia alirudi kazini miguu ikiwa mizito. Gereza alilijua kwa mtu mmoja tu, Polly Wray wa mtaa wa chini, aliyeiba shuka akafungwa miezi sita. Polly aliondoka mnene, mwenye kelele; akarudi amenyolewa, kifua kinapiga mluzi, na mtu akifunga mlango kwa nguvu yeye huinuka na kusimama wima. Hiyo ilikuwa miezi sita.

Sasa lazima niseme jambo ambalo Ravensby nzima ililijua na hakuna aliyelisema. Ravensby ni bandari ndogo ya makaa ya mawe, na wanaume wake hufia mbali. Habari za vifo zilikuja kwa waya, zikapelekwa majumbani ndani ya bahasha. Bibi kizee aliyekuwa karani kabla ya Kezia alimfundisha mashine kwa mwezi mmoja, na mengine kwa dakika moja: ukipokea habari ya kifo, vaa shali, pita kwa majirani wawili wa mfiwa, waambie waende. Bahasha ikifika ikute birika liko motoni na mtu wa kumdaka mjane asianguke. Na meli ikipotea, habari ni ya mji mzima, haijalishi jina la nani limeandikwa juu ya karatasi. Kezia alifanya hivyo miaka saba. Hakuwahi kuiita kuvujisha siri. Aliiita ujirani.

Jumatatu saa nne asubuhi mshale ukaamka.

Mashine ile ilikuwa na mshale mmoja uliosimama katikati ya sahani, ukiyumba kushoto na kulia, na kila yumba ilikuwa na maana yake. Kezia aliusoma kama wewe unavyosoma uso wa mama yako. Bwana Pinnock alikuwa amejifunza kwa wiki sita, hivyo mshale ulimwacha nyuma kama treni. Alichoweza kusoma vizuri ni karatasi, baada ya Kezia kuandika.

Kezia akaandika. *Kwa Agar, mwenye meli, Ravensby. Hopewell imezama Ghuba ya Biskaya. Kaokoka mmoja, si wa Ravensby. Asema mbao za chini zilifunguka zenyewe, pampu hazikufua dafu. Je, nitangaze?* Ilitoka kwa wakala huko Hispania.

Hopewell ilikuwa na watu tisa, na sita kati yao walikuwa wa Ravensby, wote wenye wake. Lakini kilichomkausha mate ni kingine. Hopewell na Amity zilijengwa mwaka mmoja, ufukwe mmoja, kwa mbao za shehena moja. Mji uliziita mapacha, zote mbili za Bwana Agar. Na Amity ilikuwa gatini hapo chini inapakia makaa ya kupeleka Lisboni, iondoke alfajiri ya Alhamisi. Jabez, mdogo wake Kezia, mtu pekee aliyebaki kwao tangu homa iwachukue wazazi, alikuwa ameshatia saini kwenye kitabu cha mabaharia wa meli hiyo.

Bwana Agar alikuja mwenyewe kuchukua karatasi yake. Alikuwa mzee msafi, mkarimu kanisani. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara nne, akaomba kalamu, akaandika jibu papo hapo: *Usitangaze kabla ya Ijumaa.*

"Binti Readshaw," alisema, "nasikia mmeapishwa Jumamosi."

"Ndiyo, bwana."

"Vyema. Zamani mtu alikuwa akipiga chafya kwenye waya huu, mji mzima unamwambia afya. Serikali imefanya jambo la maana sana." Akavaa kofia yake akaenda zake.

Kezia alilituma jibu lile kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza, akageuka. Bwana Pinnock alikuwa na nakala zote mbili mkononi, anazitoboa kuziingiza kwenye jalada, na masikio yake yalikuwa yamekuwa mekundu.

"Umesoma, bwana?"

"Nasoma kuhakiki hesabu ya maneno."

"Amity inaondoka Alhamisi. Anataka iondoke kwanza ndipo watu wajue. Wakijua leo hakuna atakayepanda."

"Si letu hilo, Bibi Readshaw." Alikohoa kwa muda mrefu. "Sisi ni waya. Waya haujui kilichopita ndani yake. Nina watoto wanne, na nakuomba, nakuomba sana, usiniambie tena jambo hilo, maana ukiniambia nitalazimika kuwa nimelisikia."

Jioni Kezia alishuka kwenda nyumbani, na njia yake ilipita penye bomba la maji, na penye bomba alikuwepo Bessie Storr. Mume wa Bessie alikuwa mpishi wa Hopewell. Bessie alikuwa ameweka ndoo chini anafuma soksi akisubiri zamu yake, mtoto mgongoni.

"Kezia, mwenzangu! Mbona unapita kama mwenye deni? Leta habari. Mume wangu hajafika huko Hispania akapata mwingine?"

"Sijasikia chochote, Bessie."

"Hata meli haijaonekana?"

"Sijasikia."

"Basi kheri. Wewe ukinyamaza mimi nalala." Bessie akacheka, akainua soksi ili Kezia aione. "Unaona ukubwa wa soksi hii? Mtu ana miguu kama majahazi, sufu yote inaishia kwenye kisigino."

Kezia alicheka pia. Alisikia kicheko chake kikitoka, na kikamtia hofu kuliko fremu ya ukutani. Wajane sita wasiojijua walikuwa wakichota maji katika mji ule, na yeye alikuwa amemtazama mmoja usoni akamcheka.

Jabez alikuwa mezani, miaka kumi na tisa, mabega mapana, akili bado iko njiani inakuja. Sanduku lake la safari lilikuwa wazi sakafuni.

"Usiende safari hii," Kezia alimwambia.

"Kwa nini?"

"Nimeota vibaya."

"Dada! Wewe na wenzako wa kanisani mnaota vibaya kila mkila jibini." Kisha akaona uso wake, akaacha kutafuna. "Kuna nini?"

Hapo ndipo Kezia alipokaribia. Neno lilifika kwenye meno. Lakini alimjua mdogo wake: Jabez hakuwahi kutunza siri toka azaliwe, na akishajua angekwenda gatini kuwaita wenzake mmoja mmoja, kwa sauti, na kabla ya chakula cha usiku Bwana Agar angekuwa mlangoni kwa hakimu. Wangeuliza Jabez kaambiwa na nani. Jibu lingejulikana hata kwa paka. Kezia akamwona Polly Wray akisimama wima kila mlango unapofungwa, akalimeza neno.

"Hakuna. Nimechoka."

"Tena nimeshatia saini. Nikikataa kupanda nafungwa, unajua. Unataka jela nyumbani kwetu?"

"Sitaki," alisema Kezia.

Usiku huo na wa pili hakulala. Aliwahesabu watu kumi na mmoja wa Amity, akawajua tisa kwa majina na sita kwa jina la mama. Hofu si kitu cha heshima. Inakaa tumboni na inakunong'oneza upumbavu. Ilimwambia pengine Amity ni imara kuliko pacha wake. Ilimwambia pengine atasema mtu mwingine. Halafu ikamwambia jambo moja la maana: kwamba sheria ya ukutani haisemi kitu kuhusu uji.

Marehemu baba yao aliacha kopo la unga wa kuharisha, dawa ya mabaharia waliokula nyama ya chumvi miezi mitatu. Kipimo kilikuwa ncha ya kisu. Jumatano alfajiri Kezia akatia kijiko kizima kwenye uji wa Jabez, akaficha ladha kwa sukari guru, akasimama anamwangalia anavyokula mpaka akalamba bakuli.

Saa mbili Jabez alikuwa amekumbatia ndoo.

"Dada, nakufa!"

"Hufi."

"Nakufa nakwambia! Mwite daktari, mwite na padri!"

Daktari akaja, akaziba pua, akaandika cheti kwamba Jabez Readshaw hawezi kwenda baharini wiki nzima. Kezia alikipeleka cheti hicho melini yeye mwenyewe. Nahodha akatukana, kisha akasema watampata mwingine kabla ya jioni, wanaume wasio na kazi wamejaa kituo cha reli. Kezia alipanda mlima kurudi kazini akiwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Namsema jinsi alivyokuwa: alikuwa na furaha. Alipita penye bomba akiwa na furaha.

Saa kumi mlango ulifunguliwa na mtu mkubwa wa kama miaka arobaini, buti zimeshonwa kwa waya, kofia mkononi. Hakuwa wa Ravensby. Alisimama kwenye mkeka kama aliyeingia nyumba ya watu wakati wa sala.

"Samahani. Ni kweli waliyosema kule kituoni? Mtu yeyote anaweza? Shilingi?"

Bwana Pinnock aliinuka mzimamzima. Siku nne alikuwa amengoja jambo hili. Wakati wa kampuni bei ilikuwa ya matajiri, na kwake yeye ile shilingi moja ndiyo ilikuwa utukufu wote wa sheria.

"Mtu yeyote, rafiki yangu! Kutoka popote hadi popote katika ufalme huu. Maneno ishirini kwa shilingi, na anwani bure. Karibu. Bibi Readshaw atakuandikia."

Mtu yule akakaa mbele ya Kezia, meza tu kati yao. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa baridi. Alisema anaitwa Amos Garbutt, na hakuwa na kisomo, na hii ilikuwa ya mke wake Susana, huko Hull.

"Nitaanzaje, binti? Maana nikiwaza naona kasoro moja. Kwetu bahasha hii ikija, ni mtu kafa. Haijawahi kuja kwa jingine. Susana ataiona tu mkononi mwa mtu wa posta atapiga ukunga kabla hajaifungua. Na yeye hasomi, mpaka apate wa kumsomea atakuwa ameshanizika!" Akacheka, akafuta pua. "Basi anza hivi: Usiogope, Susana, sijafa."

Kezia akaandika. *Usiogope Susana sijafa.*

"Nimepata meli, Amity. Tunaondoka alfajiri. Nitarudi kabla ya Pasaka." Akashusha sauti kama anayetoa siri ya bahati. "Miezi mitano sina kazi, binti. Leo nimeshuka treni tu, wananiambia kuna kijana huko kaharisha, wanataka mtu sasa hivi. Maskini mtoto wa watu. Tumbo lake limekuwa riziki yangu."

Kalamu ilisimama.

Kezia alimtazama mtu yule kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kipele kidogo juu ya jicho. Alikuwa amenyoa asubuhi hiyo bila maji ya kutosha. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Siku tatu Kezia aliogopa mkuki ule usimchome wake, na akafurahi alipousukuma kando, na hakujiuliza ulikwenda kumchoma nani. Huyu hapa. Ana mke anaitwa Susana. Yeye Kezia ndiye aliyemchagua, kwa kijiko.

"Ni mangapi hayo?" aliuliza Amos.

"Kumi na mawili," alisema Bwana Pinnock, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Kezia anahesabu kwa penseli. "Una maneno manane zaidi, bwana. Yako, umeyalipia."

"Manane!" Amos alishangaa kama aliyekuta sarafu mfukoni. Akafikiri mpaka paji likakunjamana. "Sina la kusema zaidi. Tumeoana miaka kumi na nane, tumeshasema yote. Lakini kuyaacha ni hasara, si ndiyo? Binti, wewe ndiye fundi wa maneno. Nijazie."

"Mimi?"

"Neno lolote zuri. La kumtuliza."

"Msaidie, Bibi Readshaw," alisema Bwana Pinnock, na sauti yake ilikuwa laini. "Ni haki yake."

Moyo wa Kezia ulikuwa ukipiga mpaka akauona kwenye kitambaa cha gauni lake. Aliinua macho, na fremu ilikuwa palepale, miezi kumi na miwili kwa herufi nyeusi. Alimfikiria Jabez peke yake nyumbani, hajui hata kuchemsha yai. Alifikiria nywele zake mwenyewe. Angeweza kuandika *Mungu akubariki na watoto wote nawasalimu tena sana*, yangekuwa manane na mtu huyu angeshukuru, angetoka, na kuanzia kesho asubuhi hakuna ambaye angemwona tena. Ilikuwa rahisi kiasi cha kutisha.

Akaandika polepole. Kisha, kwa kuwa mwenye ujumbe hasomi, na kanuni ya serikali inasema asiye na kisomo asomewe ujumbe wake wote kabla ya kutia alama, akamsomea. Sauti ilitoka ndogo lakini haikukatika.

"Usiogope Susana sijafa. Nimepata meli Amity. Tunaondoka alfajiri. Nitarudi kabla ya Pasaka." Akavuta pumzi. "Hopewell imezama. Amity mbao zile zile. Usipande, Amos."

Penseli ya Bwana Pinnock ilianguka sakafuni, ikabingirika, ikaishia kwenye jiko.

"Hopewell ndiyo ipi?" aliuliza Amos.

"Pacha wa hiyo yako. Imefunguka chini yenyewe, watu wanane wamekufa. Mwenye meli anajua tangu Jumatatu."

"Bibi Readshaw!" Bwana Pinnock alisema kwa mnong'ono. "Nyamaza! Kwa ajili ya Mungu, nyamaza!"

"Na huyo kijana aliyeharisha ni mdogo wangu," Kezia aliendelea, maana sasa hakuweza kuacha. "Nimemharisha mimi. Niliogopa kusema, nikamtoa yeye peke yake, na pengo lake umeliziba wewe. Nenda ukawaambie wenzako. Waambie umeambiwa na nani, watakuamini."

Amos Garbutt aliinuka. Rangi ilikuwa imemtoka. Alitazama shilingi yake pale mezani, akamtazama Kezia, na haikujulikana kama atamshukuru au atampiga. Miezi mitano bila kazi si mchezo, na kazi ile ilikuwa imedumu saa tatu. Akaichukua shilingi. Akavaa kofia, akatoka bila kufunga mlango, na wakasikia buti zake zikianza kutembea, halafu zikianza kukimbia kuteremka.

Bwana Pinnock alikwenda akaufunga mlango. Alirudi, akaishika ile karatasi kwa vidole viwili.

"Bado haijatumwa," alisema haraka. "Naweza kusema mteja alighairi. Naweza kuichoma. Yeye ni mgeni, hajui kusoma, neno lake dhidi ya letu. Mimi nilikuwa nakohoa, Bibi Readshaw. Nilikuwa nakohoa, sikusikia."

Alikuwa akimpa njia, yule mtu mwoga mwenye watoto wanne, na machozi yalikuwa yanamlenga. Kezia alitaka kuipokea. Mwili wake mzima uliitaka. Lakini kama karani angekana, Bwana Agar angesema ni uzushi wa mlevi wa reli, na bado ilikuwa saa kumi na nusu, na alfajiri ilikuwa mbali.

"Ulisikia," alisema. "Iweke kwenye jalada."

Ndipo sauti ilipopanda kutoka bandarini. Mwanzo ilikuwa ya mwanamke mmoja, ndefu, haina maneno. Kisha zikaingia nyingine. Bwana Pinnock akageukia dirisha, karatasi mkononi.

"Ni nani huyo?" aliuliza.

"Bessie Storr. Mume wake alikuwa mpishi wa Hopewell."

Hakukuwa na mtu aliyetangulia kwa Bessie kumwekea birika, na hakukuwa na wa kumdaka. Habari ilikuwa imempata penye bomba kutoka kinywani mwa mgeni anayekimbia, siku mbili baada ya Kezia kumcheka. Hilo hakimu hakuwa na kifungo chake.

Bwana Pinnock alichukua kofia yake. Alisema, bila kumtazama, kwamba anakwenda kumwita polisi, kwamba atapita njia ya kanisani ambayo ni ndefu kidogo, na kwamba mlango wa nyuma haujafungwa. Kisha akatoka.

Kezia hakwenda mlango wa nyuma. Aliogopa kuliko Jumatatu, kuliko mbele ya hakimu. Ila sasa aliiogopea nafsi yake tu. Alivaa shali. Hesabu yake ilikuwa kwamba njia ya kanisani humchukua mtu mwenye kikohozi dakika ishirini, na kufika kwa Bessie ni dakika nne, na birika huchemka kwa kumi. Akatoka kwa mlango wa mbele, akateremka kwa haraka.